Barua Iliyoisubiri Mashine

Hajra aliachwa na mashine. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, mikono yake ya njano kwa bizari, na jirani yake Bi Shufaa akimpigia vigelegele pale pale sebuleni kama yuko arusini.

Mashine yenyewe ilikuwa printa, ya ile aina isiyotaka waya. Mumewe, Najim, aliinunua kwa ofisi moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani, akaileta Bagamoyo ndani ya gunia la mchele isipate vumbi. Siku aliyoileta aliiweka juu ya meza, akasema, "Hii haifungwi kamba kama mbuzi. Unaiamuru ukiwa mbali, inatii." Akashinda nayo tangu adhuhuri mpaka magharibi. Haikutii. Kila alipoingiza nenosiri la mtandao wa nyumbani kwenye kile kioo chake kidogo, herufi moja moja kwa kubonyeza mshale, mashine ilifikiri, ikafikiri, kisha ikawasha taa nyekundu. Mwisho Najim akasema imekufa, ameuziwa mzoga. Hajra akaitandikia kitambaa cha kufumwa, akawa anaweka juu yake bakuli la ndimu.

Hiyo ilikuwa Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi. Wiki hiyo hiyo Najim alipata kazi ya ukarani kwenye mradi wa kupima mashamba huko Mkange, akataka mkewe amfuate. Hajra akamwomba ampe muda. Alikuwa anatengeneza achari ya ndimu, na hoteli moja ya ufukweni ndiyo kwanza imeanza kununua chupa zake. "Nikiondoka sasa watachukua kwa mwingine," alimwambia. Najim akanuna siku tatu. Jumamosi alfajiri akaondoka peke yake, mkoba begani, bila kugeuka nyuma.

Lakini alipofika huko moyo ulimrudi. Akaanza kupiga simu kila jioni baada ya isha. Kwanza maneno mawili matatu, baadaye saa nzima. Alimsimulia wapimaji wenzake wanavyoogopa nyoka, mpishi wao anavyounguza wali. Alimwita "ndimu yangu". Miezi mitatu na ushee ilipita hivyo, na sasa alikuwa amepata ruhusa ya kuja nyumbani. Hajra alikwishanunua udi. Alijiona ana bahati: mume aliyeondoka kwa hasira, akarudi kwa simu.

Basi wiki hiyo hoteli ikamwambia kuwa chupa zisizo na lebo iliyochapwa hazitawekwa tena mezani kwa wageni. Lebo zake Hajra aliziandika kwa mkono, mwandiko wa darasa la sita, alikoishia alipotolewa shule kumuuguza mama yake. Angeweza kwenda stationari mjini, lakini mara ya mwisho vijana wa pale walimuuliza kazi yake iko kwenye flashi au imeili, akajibu iko kwenye mfuko, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hajra hakuwa mtu wa kusahau kicheko. Akaondoa bakuli la ndimu, akaifunua printa.

Kijitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, ila kilikuwa na picha. Hajra alizisoma picha kama mtu anavyosoma nyayo. Aliona mashine mbili, ya kuchapa na ile ndogo ya intaneti, na kila moja ina kidole juu ya kitufe. Hapakuwa na nenosiri popote. Kulikuwa na saa iliyochorwa, na tarakimu ya mbili pembeni yake.

"Dakika mbili," alimwambia Bi Shufaa, aliyekuja kumsaidia kukaza vizibo. "Unabonyeza hiki mpaka taa icheze, halafu kabla dakika mbili hazijaisha unabonyeza na kile cha kule. Zinajuana zenyewe."

"Kama kuku na jogoo," alisema Bi Shufaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, sauti yake inasikika mpaka msikitini. "Kile cha kule kipo wapi?"

"Chumbani dirishani. Ndiko mtandao unakoshika."

"Sasa utakimbia na hilo dera? Mimi nashika hapa, wewe nenda kule. Nishike wapi?"

"Hapo penye kimchoro cha mawimbi. Usiachie mpaka taa ianze kucheza."

"Ikinipiga shoti?"

"Haipigi, mama."

"Ikinipiga utanilea."

Bi Shufaa akafinya kitufe huku kafumba macho. Taa ikaanza kupepesa rangi ya buluu. "Inakonyeza! Hajra, inakonyeza, kimbia!" Hajra akakimbia, akajigonga kwenye kizingiti, akafika dirishani, akabonyeza kitufe kilicho nyuma ya kile kisanduku cheupe, akasimama hapo pumzi zimemkaba. Akahesabu mpaka arobaini. Kutoka sebuleni akasikia Bi Shufaa anasema taratibu, kama mtu anayemtazama paka aliye karibu na samaki: "Imeacha... imeacha kukonyeza. Imetulia. Buluu tupu."

Hajra akarudi, akaifungua kompyuta ya zamani ya Najim, ile aliyoiacha nyumbani kwa sababu mradi ulimpa nyingine. Kabla hajagusa lebo, kabla hajagusa chochote, printa ikakohoa. Ikajinyoosha ndani kwa ndani, ikavuta karatasi.

Hapo ndipo Bi Shufaa alipopiga vigelegele. Alipiga cha kwanza karatasi ya kwanza ilipochungulia, akapiga cha pili ilipotoka ya pili. Ya tatu ilipotoka alikuwa amekwisha kuchezesha mabega. "Mtoto wa darasa la sita huyo! Waje wale wa stationari waone!"

Hajra alizichukua zikiwa bado na vuguvugu. Alitegemea picha ya ndimu. Akaona maandishi matupu, yamepangwa vizuri, na juu kabisa jina lake.

*Kumb. Na. NM/NDOA/01*

*Bi. Hajra Rehani,*
*Dunda, Bagamoyo.*

*YAH: KUKUACHA TALAKA MOJA*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi Najim Mohamedi, nikiwa na akili zangu timamu, nimekuacha talaka moja kuanzia tarehe ya barua hii, kwa sababu ya kukataa kufuatana nami kwenye kituo cha kazi.*

*Nakutakia utekelezaji mwema.*

*Nakala: 1. Mzee Rehani, Kaole (baba mzazi). 2. Jalada.*

Alisoma mara moja. Hakuwa msomaji wa haraka, lakini barua ile aliisoma kama imeandikwa ndani ya macho yake. Tarehe ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla Najim hajaondoka. Masikio yakaziba. Aliona midomo ya Bi Shufaa inacheza, mabega yanacheza, na sauti hasikii.

"Imeandikaje? Ndimu zimetoka vizuri?" Bi Shufaa alikuwa anasoma Kurani kwa moyo mchana kutwa, ila herufi hizi nyingine zilimshinda tangu miwani yake ivunjike. "Hajra. Hajra! Mbona umekuwa rangi ya unga?"

"Nimeachwa," alisema Hajra.

"Umeachwa na nani?"

Hajra akainyooshea kidole printa, kwa sababu mkono haukujua pengine pa kunyooshea.

Bi Shufaa alichukua zile karatasi, akazihesabu. Akazihesabu tena. Kisha akakaa chini palepale sakafuni, katikati ya vizibo. "Tatu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Hajra amjue, alinong'ona. "Ya Rabi, tatu! Amekupiga tatu kwa mpigo! Na mimi nimekushangilia!"

"Si tatu, mama. Ni barua moja, nakala tatu. Yangu, ya baba na ya..." Hajra alitazama tena. "Ya jalada."

"Jalada ndiye nani? Ana mke mwingine?"

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Siku ile Hajra aliyaona machozi tu.

Alimpigia Najim. Simu iliita mpaka ikakata, akapiga tena. Alipokea akiwa anahema, yuko shambani na kamba za kupimia. "Ndimu yangu! Leo mchana?"

"Printa imefanya kazi," alisema Hajra. Alitaka kusema mengine, yakagoma.

"Acha bwana! Nani amekutengenezea?"

"Mwenyewe. Imetoa barua yako."

Upande wa pili akasikia upepo, na mtu anayemwita Najim kwa mbali, na Najim haitiki. Kisha akasema kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Barua ipi?"

"Ya utekelezaji mwema."

"Haiwezekani. Ile niliifuta! Hajra, wallahi niliifuta. Niliiamuru mara moja, nakala tatu, mashine ikakaa kimya. Nikasema hata Mungu hataki. Nikaifuta nikaenda zangu."

Kumbe barua ile ilikuwa imepanga foleni. Najim alikuwa ameiamuru mashine isiyosikia, na amri ikabaki ndani ya kompyuta, imekaa kimya miezi mitatu kama mgeni aliyesahauliwa barazani, inasubiri kufunguliwa mlango. Na aliyefungua mlango ni Hajra, kwa mkono wake, kwa dakika zile mbili.

"Sikiliza," alisema Najim. "Haikutoka siku ile. Kitu kisichotoka si kitu. Choma. Choma zote tatu, mimi nakuja kesho, tutaongea."

"Nikichoma, utakuwa hukuandika?"

Hajra akakata simu. Hakuwa amewahi kumkatia mtu simu maisha yake yote.

Hakuchoma. Alinawa mikono, bizari haikutoka, akavaa baibui, akazikunja zile karatasi ndani ya khanga, akaenda Kaole kwa baba yake. Njiani alikuwa na swali moja tu: je, mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu? Halikuwa swali la kuchekewa. Kama ni mke, kesho mumewe anaingia, na udi upo. Kama si mke, basi jioni zote zile alikuwa anaitwa ndimu na mwanamume asiye wake, akijibu kwa kicheko cha mke.

Mzee Rehani aliitikia shikamoo yake, akaipokea nakala iliyoandikwa jina lake, akaisoma akiwa ameiweka mbali na macho. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipofika kwenye "utekelezaji mwema" aliirudia sentensi hiyo mara mbili bila kutoa sauti.

"Huyu kijana amekuacha, au amekuhamisha kituo cha kazi?" aliuliza.

"Sijui, baba."

"Na mimi sijui. Kesho kwa Shehe."

Shehe Kitwana alifundisha madrasa asubuhi na kuuza saruji mchana, kwa hiyo kikao kilifanyika baada ya alasiri, barazani kwake, pembeni ya rundo la mifuko. Najim, aliyeitwa na Mzee Rehani, alifika na bodaboda, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa amekonda. Alimwamkia Mzee Rehani kwa kumshika mikono yote miwili, na mzee akaiacha ishikwe kama vitu visivyo vyake. Shehe alipoingia ndani kutawadha, Najim akasogea haraka mlangoni alipokuwa amekaa Hajra kwenye mkeka, pamoja na Bi Shufaa.

"Hajra, nisikilize," alinong'ona. "Nimemuuliza ustadhi mmoja kule Mkange. Hata kama talaka imeshuka, ni moja. Ukiwa bado kwenye eda nasema neno moja tu, nimekurejea, yamekwisha. Shehe atakuuliza zimepita twahara ngapi tangu siku ile. Zikitimia tatu eda imekwisha. Wewe sema mbili."

Hajra aliinua macho.

"Mbili tu," alisema Najim. "Hakuna anayejua ila wewe. Yaishe, twende nyumbani."

"Mwanamume una haya wewe?" alifoka Bi Shufaa. "Unamfundisha mtoto wa watu kuhesabu damu yake?"

"Bi Shufaa, kwa heshima yako, hili ni la mtu na mkewe."

"Mkewe! Jalada amekuruhusu?"

Shehe akatoka, anadondosha maji kwenye ndevu. Akawasalimu tena, akaomba hiyo barua. Aliisoma, na kila mtu akaona nyusi zake zinavyopanda. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza mbele, akagusa alama za njano za vidole zilizoenea pembezoni.

"Huu ndio muhuri?"

"Bizari, Shehe," alisema Mzee Rehani.

"Aa." Akaiweka juu ya mfuko wa saruji. "Mimi nimeona talaka za aina nyingi. Nimeona iliyoandikwa kwa mkaa ukutani. Nimeletewa iliyorekodiwa kwenye simu, muziki unapiga nyuma yake. Yenye kumbukumbu namba ndiyo naiona leo. Najim, ni wewe umeandika?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukusema kwa mdomo, ukaona uandike kama unaomba likizo?"

Najim alitazama chini. "Kazi yangu ni barua, Shehe. Kwa mdomo ningepaza sauti. Niliona kwa maandishi ni adabu zaidi."

"Adabu. Sasa nijibu, na ukumbuke anayekusikia si mimi peke yangu. Ulipoyaandika maneno haya, ulikusudia kumwacha mkeo?"

Hajra alijua, na Mzee Rehani alijua, na Najim alijua kuliko wote, kwamba jibu moja lingeimaliza kazi. Maandishi bila nia ni wino. Angesema sikukusudia, zilikuwa hasira, nilikuwa najaribu mashine, basi wangenyanyuka hapo wakaenda kula. Hajra akajikuta anamwombea uongo.

"Nilikusudia," alisema Najim. "Siku ile nilikusudia. Mpaka nilipoona haitoki."

"Haitoki wapi?"

"Kwenye mashine."

"Subhanallah." Shehe alishika paji la uso. "Mwanangu, talaka inatoka kwenye nia na kwenye kalamu. Haisubiri umeme. Haisubiri intaneti. Siku ile ile ulipomaliza kuandika, huyu aliachika, moja. Mashine imekuja kumwambia mwenyewe tu."

"Basi namrejea," alisema Najim haraka, amekwisha simama. "Mashahidi nyinyi, nimemrejea m..."

"Kaa." Shehe hakupaza sauti. "Kaa chini. Unarejea aliye ndani ya eda. Aliyetoka humrejei, unamwomba. Na eda haihesabiwi na mimi wala na wewe. Inahesabiwa na mwenyewe, na neno lake ndilo tutakalolishika." Akageuza uso kuelekea mlangoni, ila macho akayaweka kwenye mkeka, kwa heshima. "Binti yangu Hajra. Tangu tarehe hiyo mpaka leo. Zimekamilika ngapi?"

Hajra alikuwa mtu ambaye hata bei ya ndimu aliisema kwa kunong'ona. Sasa wanaume watatu walikuwa wanasubiri namba kutoka tumboni mwake. Uso ulimuwaka. Angejificha chini ya mkeka kama mkeka ungemkubali.

Namba aliijua. Nyumbani, kwenye kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anaweka alama za penseli kila mwezi, kwa sababu alikuwa na siku sita za Ramadhani za kulipa na alitaka kujua lini atafunga na lini hawezi. Siku ya sita aliilipa wiki iliyopita. Alama zilikuwa hapo, hakuna ubishi.

Angesema mbili. Kwani ingemuumiza nani? Alimpenda Najim. Alipenda anavyocheka kabla hajamaliza kusimulia, alipenda alivyomsomea gazeti bila kumfanya aone kuwa anasomewa. Mbili, na usiku huu yuko kwake, chupa zake, udi wake, simu zikiwa zimegeuka mtu.

Kisha akaona jambo, na jambo lenyewe likampiga kuliko hata ile karatasi. Jioni zote zile, Najim alikuwa anajua. Alijua alichoandika. Alimwita ndimu huku anajua, akasikia anavyocheka huku anajua, na yeye Hajra ndiye peke yake aliyekuwa anaishi kwenye ndoa hiyo. Na bado, mtu huyu huyu alipoulizwa leo mbele ya Mungu, na mlango wa uongo uko wazi, alisema kweli. Sasa amemwachia yeye uongo aubebe.

"Tatu," alisema Hajra.

Hawakusikia. Shehe akainamisha sikio.

"Tatu zimekamilika," alisema tena, na safari hii ilisikika mpaka barabarani. "Ya tatu nimeimaliza Jumatano iliyopita. Nimeandika kwenye kalenda."

Najim alikuwa amefungua mdomo kama samaki aliyewekwa mezani. Mzee Rehani, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametikisika, alimgeukia binti yake akamtazama kama ndiyo kwanza anaonyeshwa.

"Jumatano," alirudia Najim. "Yaani wiki moja. Ingetoka wiki moja kabla..."

"Ingetoka siku uliyoiandika ingekuwa bora zaidi," alisema Shehe. Akaikunja ile barua mara mbili. "Basi imekwisha. Huyu si mkeo, Najim. Mtu baki. Unamtaka, kuna nikahi mpya, mahari mapya, na ridhaa yake. Hakuna njia ya mkato."

"Sasa nifanye nini?" Alimuuliza kila mtu, hakumuuliza mtu.

"Unajua nyumbani kwangu," alisema Mzee Rehani. "Posa inaletwa kwa barua."

Najim akaitikia kwa kichwa upesi upesi, kama karani aliyepewa kazi anayoiweza. "Nitaandika leo leo, mzee. Nitaichapa..."

"Kwa mkono," alisema Hajra.

Wakamgeukia wote. Yeye mwenyewe alishtuka. Sauti ilitoka kabla hajaipa ruhusa. Lakini ilikwisha toka, na kama ilivyokuwa kwa ile barua ya mashine, hakuna wa kuirudisha.

"Aandike kwa mkono wake," alisema, anatazama vidole vyake vya njano. "Na isiwe na Yah."

Najim alikuwa bado amesimama kwenye mifuko ya saruji wao walipoondoka. Jioni hiyo hiyo Mzee Rehani alikuja Dunda na kijigari cha kukodi, akapakia chupa, ndimu, sufuria na kalenda. Kompyuta ya Najim waliiacha. Printa pia Hajra alitaka kuiacha, lakini Najim alikuwa amempigia Mzee Rehani simu na kusema hiyo ni ya Hajra, ni yeye aliyeiweza. Wakaichukua kwenye gunia lile lile la mchele, na kisanduku cheupe cha intaneti Hajra akanunua kingine, chake mwenyewe.

Kule Kaole aliibonyeza tena, yeye na Bi Shufaa, safari hii kila mmoja amenyoosha mkono kutoka mbali kama watu wanaowasha fataki. Taa ikakonyeza, ikatulia. Hajra akaiamuru kwa simu yake, ikatoka picha ya ndimu, chini yake ACHARI YA HAJRA. Ikatoka nyingine. Hajra alisimama kila karatasi ilipotoka, akaisoma mpaka mwisho kabla hajaivuta. Alikuwa hajaanza kuiamini.

Barua ya Najim ilikuja siku ya tisa, imefungwa kwenye leso nyeupe, imeletwa na ami zake wawili. Mzee Rehani aliwapa kahawa, akawaambia watapata jibu, kisha akampelekea binti yake bila kuifungua. Ilikuwa kurasa mbili za daftari. Mwandiko wa Najim, Hajra hakuwahi kuuona kabla ya hapo. Alijua herufi zake za mashine tu. Ulikuwa mbaya. Ulikuwa mbaya kuliko wa darasa la sita. Maneno yamekatwa, yameandikwa tena juu yake, yamekatwa tena. Mahali pamoja alikuwa ameanza kuandika "Tafadhali husi", akakata kwa mistari mingi mpaka karatasi ikatoboka.

Hajra alisoma polepole, midomo inacheza. Alipomaliza akarudia ukurasa wa pili. Akaikunja, akaiweka juu ya printa, chini ya bakuli la ndimu.

"Eh!" Bi Shufaa alikuwa amevumilia mpaka mishipa imemtoka shingoni. "Amesemaje? Na wewe unasemaje? Ami zake wamekaa pale barazani wanamaliza kahawa ya baba yako!"

"Wanywe," alisema Hajra, akavuta chupa iliyofuata. "Nimebakiza chupa kumi na nane. Nipe hicho kizibo, mama."